Pori la Kijivu: Namna ya Kuutazama Mchoro wa Penseli

Sebuleni kwangu, hapa Dodoma mjini, ukutani pana mchoro wa penseli wa pori la vilima vya Kondoa. Karatasi yake ni A3, fremu ya mbao nyepesi, kioo cha kawaida. Una mwaka wa pili sasa pale, na wageni wanaoutazama nimewagawa mafungu matatu. Wapo wanaouliza mbona haukupakwa rangi. Wapo wanaousogelea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, wakasema, "Duh, kama picha ya simu." Na walio wengi huutupia jicho mara moja, wakasema "pori," wakakaa kusubiri chai.

Siwalaumu. Mchoro wa uso wa mtu hata mtoto wa chekechea anaweza kuukosoa: jicho moja limepanda, pua imevimba, huyu si mama. Pori halina jicho wala pua. Tawi likihamishwa upana wa kidole kwenda kushoto, nani atajua? Hapana nyumba, hapana mtu, hapana hata ng'ombe wa kushika macho. Unasimama mbele ya karatasi iliyojaa kijivu, hujui uanzie wapi kuangalia, wala kwa kipimo gani useme kazi hii imetulia na ile imelipuliwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa na madai mawili dhidi ya mchoro huu tangu siku niliyoununua. La kwanza, kuna njia ya mifugo inayoanzia chini kushoto, inapanda kidogo, kisha inakatika ghafla katikati ya karatasi, kana kwamba mchoraji aliitwa kula akasahau kurudi. La pili, miti yake ni myembamba yote, unene ni uleule, na mingine imechomoza mitatu au minne kutoka mahali pamoja. Nikahisi kijana alichora mmoja kisha akanakili. Nilinyamaza, nikalipa. Madai hayo nitayarudia.

Kwanza tuelewane kuhusu pori lenyewe. Msitu mzito, kama ule wa Udzungwa au Uluguru, vilele vyake vimefungana na chini ni giza. Kanda yetu ya kati kwa sehemu kubwa haiko hivyo. Kuna vichaka vya Itigi, ambavyo hata mbuzi anafikiri mara mbili kabla ya kuingia. Kuna nyika ya migunga na mibuyu inayoizunguka Dodoma. Na kuna miombo, kwenye vilima vya Kondoa na kwa upana zaidi ukielekea magharibi, Manyoni hadi Tabora. Miti ya miombo husimama kwa kuachiana nafasi. Vilele vinakaribiana lakini jua linapenya, na kwa kuwa linapenya, nyasi zinaota chini. Maofisa misitu watakuambia miombo nayo ni misitu, na kwenye makaratasi yao wako sahihi. Kwa mtu mwenye penseli tofauti ni kubwa mno. Udzungwa atachora giza lenye matundu ya mwanga. Kondoa atachora mwanga uliokatwakatwa na miti, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu nitakayoieleza baada ya kuisema penseli kidogo.

Wazee waliiita kalamu ya risasi, na jina hilo limebeba kosa la watu wa mbali. Karne ya 16, huko Borrowdale kaskazini mwa Uingereza, yalipatikana madini meusi laini yanayoacha alama; inasimuliwa kuwa wachungaji wa huko waliyatumia kutia kondoo alama. Watu wakadhani ni jamii ya risasi, ile metali. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele akaonyesha kuwa ni kaboni, ndugu wa mkaa. Sisi leo tunayaita madini ya kinywe, na tunayo ya kwetu: Mahenge mkoani Morogoro, Ruangwa mkoani Lindi, ingawa siku hizi ukiyasikia redioni ni habari za betri. Ndani ya penseli hakuna risasi hata chembe. Wote mliotishwa shuleni kwamba ukiilamba utakufa, poleni.

Mwaka 1795 Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza na kinywe cha Borrowdale hakifiki. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akaja na njia ya kukisaga kinywe, kukichanganya na udongo wa mfinyanzi na kukichoma tanuruni. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na alama yake hafifu. Kinywe kikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Ndiyo maana ya herufi zilizopigwa ubavuni mwa penseli: H ni ngumu, B ni nyeusi, na HB ya mtoto wa shule iko katikati.

Kijana aliyechora pori langu alitumia penseli tatu tu, 2H, HB na 6B. Nilimuuliza. Ukishajua hilo, unaweza kuufumua mchoro kama mkeka. Vilima vya mbali ni 2H, mistari mikavu iliyolala upande mmoja. Miti na nyasi ni HB. Na zile sehemu nyeusi tii, chini ya mizizi na kwenye panda za matawi, ni 6B. Nimezihesabu, hazifiki ishirini. Anayeanza kuchora huipenda 6B kama mtoto apendavyo sukari, na pori lake lote linaishia kuwa masizi.

Kinywe kina tabia moja ya kero: kinang'aa. Tabaka zake za kaboni huteleza moja juu ya nyingine, ndiyo sababu kinaandika kwa wepesi, na mahali kilipokolezwa sana hurudisha mwanga. Ukiuning'iniza mchoro mkabala na dirisha, pale panapotakiwa kuwa peusi kuliko pote panameremeta kama sufuria mpya. Uhamishe, au wewe usogee hatua mbili pembeni. Mkaa wa kuchorea hauna shida hiyo, weusi wake ni wa kweli. Ila kuichora miombo kwa mkaa naona kuna uchuro ndani yake, maana mingi ya miti hiyo safari yake huishia kwenye gunia kando ya barabara.

Sasa ugumu niliousema. Penseli haina uwezo wa kuchora mwanga. Inachoweza ni kuongeza giza. Kila kinachong'aa kwenye mchoro wa penseli ni karatasi tupu, mahali ambapo mchoraji alizuia mkono. Na miombo ya mwezi wa kumi, saa za mchana, ni mwanga karibu wote. Kwa hiyo mtu anayechora pori la namna hiyo anafanya kazi kinyumenyume: anayatia giza yaliyo nyuma ya kitu ili kitu chenyewe kionekane bila kuguswa.

Ngoja nioneshe kwa mti mmoja, wa tatu kutoka kulia. Shina lake upande wa kulia lina mstari mzito, magamba yametiwa kwa viduara vilivyokatikakatika. Upande wa kushoto hakuna mstari kabisa. Hakuna. Shina linaisha hewani. Lakini ukikaa kwenye kochi unaapa kwamba unauona ukingo wa shina lile ukipanda wima mpaka kwenye matawi. Unachokiona ni mahali ambapo kijivu cha nyasi na vichaka vya nyuma kimesimama ghafla, kwa unyoofu, pale ambapo shina lingeanzia. Jicho lako limeumalizia ukingo lenyewe. Wageni watatu nimewaambia waweke kidole juu ya kioo wanifuatishie mstari wa kushoto wa mti ule, na wote watatu kidole kilisita.

Kuna ulaghai mdogo katika nyasi. Pale alikwisha kupaka kijivu, halafu akakata raba kwa wembe ikawa na ncha kali, akafuta unyasi mmoja mmoja. Ukiinama utaona nyasi nyeupe zenye kingo laini kidogo kuliko weupe mwingine. Basi hapo weupe ulirudishwa baada ya kupotea. Sioni ubaya, ingawa upande wa kulia kabisa, karibu na fremu, alichoka: akasugua kwa tishu mpaka karatasi ikawa na ukungu usioeleweka. Hiyo nitaiita kasoro hadi kesho.

Na majani ya mitini? Hajachora jani hata moja, isipokuwa labda kumi au kumi na tano pembezoni mwa vilele, pale panapokutana na mbingu. Katikati ya kilele kuna mafungu ya kivuli tu, kama mawingu madogo yaliyolala. Akili ikishaona majani kumi ukingoni, inaamini kwamba na ndani yamo maelfu. Angethubutu kuchora jani mojamoja, mti ungegeuka zulia. Kitu cha kutazama hasa kwenye vilele ni matundu ya mbingu, zile nafasi zinazobaki kati ya tawi na tawi. Mchoraji aliyekariri hutengeneza matundu yanayofanana, yote ukubwa wa shilingi. Aliyekaa porini akaangalia, matundu yake hayana adabu: moja refu kama utepe, jingine kona tatu, jingine nusu limezibwa.

Kuna kipimo kingine rahisi cha kumjua aliyeangalia mti na aliyeukumbuka tu, na kilisemwa na Leonardo da Vinci zaidi ya miaka 500 iliyopita: matawi yote ya mti, kwa urefu wowote utakaochagua, ukiyakusanya pamoja, unene wake unalingana na wa shina lililo chini yake. Kwa hiyo tawi likigawanyika mawili, kila moja lazima liwe jembamba kuliko lililotangulia. Angalia michoro ya miti inayouzwa mijini utaona matawi yanayoondoka shinani yakiwa na unene fulani na kufika angani nao uleule, kama mabomba ya maji. Kwenye mchoro wangu yanapungua kwa hatua, kila panda na pungufu yake.

Turudi kwa wale wa rangi. Swali lao ni zuri kuliko linavyosikika, kwa sababu miombo huchipua kabla ya mvua, kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi, na majani yake machanga hayawi ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama divai. Kijana alipochora, pori lote lilikuwa linawaka. Nani asingetaka kuiona rangi hiyo? Penseli imeitupa yote.

Ilichobaki nacho ni ukolezi, yaani kitu kina giza kiasi gani kuliko jirani yake. Ukitaka kuuelewa ukolezi nenda soko la Majengo, weka nyanya iliyoiva juu ya fungu la hoho za kijani, piga picha kwa simu, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nyanya iliyokuwa inapiga kelele inakaribia kupotea. Nyekundu na kijani vinaweza kuwa na kijivu kimoja. Ndiyo maana wachoraji hufinya macho wanapotazama mandhari: ukifinya, rangi inafifia na mafungu ya giza na mwanga yanajitenga. Fanya hivyohivyo mbele ya mchoro. Kwenye huu wangu, nikifinya macho, miti inaungana kuwa ukanda mmoja wa kijivu cha kati, chini yake ukanda mweupe wa nyasi, juu yake mbingu nyeupe. Vitatu tu. Mchoro ambao ukifinya macho unabaki vipandevipande vilivyotawanyika, aghalabu ulichorwa kitu kimoja kimoja bila kuangaliwa kwa pamoja.

Na wala watu wa Kondoa si wageni wa kuchora bila rangi nyingi. Vilima hivyo vya Warangi ndivyo vyenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ileile ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Mingi ni ya rangi moja, nyekundu ya udongo, wanyama na watu warefu waliosimama juu ya mwamba mtupu. Sijasikia mgeni aliyefika Kolo, kwenye miamba hiyo, akauliza twiga yule mbona hana manjano.

Umbali nao una hesabu yake. Hewa iliyo kati yako na kilima hutawanya mwanga, hivyo kilima cha mbali hupauka na ukingo wake hulainika. Hilo ni la dunia nzima, lakini kwetu vumbi linalizidisha. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijaosha hewa, vilima vya pili na vya tatu vinakuwa kama vimefunikwa kanga iliyofuliwa mara mia. Mwezi wa tatu, siku moja baada ya mvua, vilima hivyohivyo vinasogea karibu, unahesabu miti yake. Kwa hiyo 2H iliyofifia kule nyuma kwenye mchoro wangu inakuambia umbali na inakuambia majira.

Vivuli ndivyo vilivyonichanganya muda mrefu. Mafunzo mengi ya kuchora yanayozunguka mitandaoni yametoka Ulaya, na humo mti hutupa kivuli kirefu ubavuni, kwa sababu jua lao hata mchana liko chini. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa wa kumi, jua linapita utosini. Siku hizo, kama saa sita na nusu mchana, kivuli cha mti kinalala chini ya mti wenyewe kama mbwa. Kwenye mchoro wangu vivuli ni madimbwi madogo miguuni pa miti, na mwanzoni niliona mchoraji kasahau kuweka vivuli. Kumbe aliviweka pale vilipokuwa. Nina rafiki anayechora mbuyu wa Chamwino adhuhuri na kuupa kivuli cha London, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Wanaosifia kwa kusema "kama picha ya simu" wana nia njema, ila nadhani wanamshusha kijana. Simu ingechukua kila kitu kwa uzito mmoja: nyasi, jani, jiwe, mfuko wa plastiki. Yeye alikaa pale asubuhi hadi alasiri akiamua. Huu mti naukoleza, ule naufifisha, lile tawi linaziba kilima, naliacha. Kilichoachwa hukioni, na ndiyo sehemu kubwa ya kazi.

Hayo yote nilikuwa nayajua, au najidai kuyajua, mwezi wa nne mjomba wangu alipokuja mjini kwa matibabu ya macho. Mjomba alizaliwa Kondoa, na tangu nimjue ni mfugaji na mrina asali. Nilimwamkia shikamoo, nikamkalisha, na kabla sijafika jikoni alikwisha simama mbele ya ukuta.

"Mpwa, hili pori la kwetu."

Nikamwambia ndiyo, mjomba, la Kondoa. Nikaona nimwonyeshe kwamba na mimi nina jicho. Nikamwambia ni kazi nzuri ila ina makosa mawili, nikamwonyesha njia inayokatika. Akanitazama kama mtu anayeangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Haijakatika. Imeingia korongoni."

Akaweka kucha juu ya kioo, pale njia inapoishia. "Huu ni mdomo wa korongo. Na hivi," akapandisha kucha kidogo, kwenye kile nilichokuwa nakiita vichaka, "hivi si vichaka. Ni vilele vya miti. Miti yenyewe iko chini humo." Nikaangalia. Nilikuwa nimekiangalia kitu kile miezi kumi na mitano. Nyasi zilikuwa zinaisha kwa mstari mmoja mkali wa HB, na vile "vichaka" havikuwa na mashina, havikuwa na madimbwi ya kivuli miguuni, kwa sababu miguu yao ilikuwa imezibwa na ukingo wa ardhi. Hicho ndicho kitu cha kwanza anachofundishwa mchoraji: kilicho mbele huziba kilicho nyuma. Mimi nilikisoma kama kosa.

Na miti yenye unene mmoja? Hapo mjomba alikaa. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa umefika pabaya, makorongo yanakula mashamba, hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Mjomba alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, aliswaga ng'ombe wa baba yake kuwatoa. Vilima vilivyokuwa vyekundu vitupu vikaachwa, na miombo ikarudi, kwa sababu miombo ikikatwa haifi. Inachipua kutoka kwenye visiki na mizizi, machipukizi mengi kwa kisiki kimoja.

"Hii yote ni rika moja," akasema, "umri wake unakaribia ule wa ndoa ya mama yako. Ndiyo maana imelingana. Na hii mitatu pamoja ni ya kisiki kimoja. Huyo mtoto hakunakili."

Nikaenda kuleta chai. Niliporudi alikuwa bado ameinama, miwani mipya imeshuka puani, akiitazama ile njia. Aliipima kwa vidole viwili, akaulinganisha upana wake na shina la mti ulio kando yake, kisha akarudia kupima.

"Ya mbuzi huwa nyembamba kuliko hii," akasema. "Hii ni ya ng'ombe, na si ya zamani, haina unyasi hata mmoja katikati. Wamewarudisha."

Akachukua kikombe, akaniuliza kama ile sukari ndiyo imekwisha.